Homa ya Uti wa Mgongo na Saa ya Kwanza

(Hotuba hii ilisomwa na mwanachama mwenzetu, muuguzi, mbele ya mkutano wa tawi hapa Lafey. Ndugu waliokuwa zamu siku ile wameomba waipate kwa maandishi, nasi tumeipiga chapa kama ilivyosemwa.)



Nimeombwa niseme habari za homa ya uti wa mgongo. Ndugu Katibu aliponiletea barua yake nilimwuliza kama ataka niseme na wauguzi peke yao, maana tawi letu lina madereva, makarani, wafagiaji na walinzi pia, na sikupenda kuwachosha kwa mambo ya wodini. Akanijibu niseme na wote. Nilipofikiri nikaona amesema kweli, na sababu yake nitaieleza, ingawa haitanipa mimi sifa yo yote.

Kwanza jina. Kwa Kiswahili twasema homa ya uti wa mgongo, na jina hilo huwapotosha wengi, maana mtu akilisikia hushika kiuno. Ugonjwa wenyewe ni uvimbe wa utando unaofunika ubongo na ule uti unaoshuka mgongoni. Ndugu zetu Wasomali huuita qoorgooye, yaani mkata shingo, na jina hilo linakwenda moja kwa moja penye dalili. Shingo inakuwa ngumu kama gogo, mgonjwa hawezi kukifikisha kidevu kifuani. Nawaomba mlishike jina hili, hasa ninyi mliotoka mbali kuja kufanya kazi huku.

Huletwa na vijidudu vya namna nyingi. Ule wa virusi mara nyingi hupona wenyewe. Ule unaoua kwa haraka ni wa bakteria, na bakteria hizo huhama mtu kwa mtu kwa mate na makohozi, kwa kukohoa, kupiga chafya, na kulala watu wengi ndani ya chumba kimoja. Uko pia ule wa kifua kikuu, ambao huja polepole kwa majuma. Shirika la Afya Duniani lahesabu kwamba katika kila watu 6 wanaoupata ule wa bakteria, mmoja hufa, na katika kila 5, mmoja hubaki na kilema kikubwa: uziwi, kifafa, kupooza, au akili iliyopungua.

Mwaka 1963 daktari mmoja Mfaransa, Lapeyssonnie, aliandika juu ya mkanda wa nchi za Afrika ambamo ugonjwa huu hurudi na kurudi wakati wa kiangazi, penye vumbi na upepo mkavu. Siku hizi mkanda huo wahesabiwa toka Senegal mpaka Ethiopia, na Ethiopia hamhitaji kuonyeshwa iko wapi, ninyi mliofika mjini Mandera. Wala msidhani kwamba ni ugonjwa wa mashamba na malisho tu. Mwaka 1989, kati ya Aprili na Novemba, uliingia Nairobi na kuwapata watu karibu 3,800, na karibu mmoja katika kila 10 alikufa. Kijidudu kilichofanya hivyo kilikuwa cha ukoo ule ule uliowapata mahujaji Makkah mwaka 1987. Ndiyo sababu serikali ya Saudia haimpokei hujaji asiye na cheti cha chanjo hii, nayo yatakiwa ichomwe si chini ya siku 10 kabla ya kufika. Ndugu anayeweka akiba ya kwenda Hija asingoje juma la mwisho.

Sasa nije kwenye ile sababu niliyoahidi.

Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali moja nisiyotaka kuitaja, nayo si hii, nilikuwa zamu ya mchana. Saa nne asubuhi akaletwa mtoto wa kiume wa miaka kama 7, amebebwa na mama yake kutoka malishoni. Homa kali, kichwa chamuuma, ametapika mara mbili njiani. Mvua zilikuwa zimekwisha nyesha na wodi imejaa malaria. Nikamtoboa kidole, kipimo cha malaria kikatoa mistari miwili, nami nikaona kazi imekwisha. Mama yule alisema maneno mengi kwa Kisomali, na Kisomali changu siku zile kilikuwa cha salamu na cha kununulia maziwa. Dada mmoja mfagiaji aliyekuwa akipiga deki mlangoni akaniambia, "Daktari, huyu mama anasema qoorgooye." (Wauguzi wote huku twaitwa daktari, hata siku tusiyostahili.) Nikamjibu, "Dada, hii ni malaria, kipimo kimeonyesha." Wala sikuinua kichwa.

Saa sita usiku mwenzangu wa zamu ya usiku alitaka kumnywesha maji. Alipotia mkono chini ya kisogo na kuinua, mtoto akainuka mwili mzima kama ubao. Ndipo akapigwa sindano inayofaa. Hesabuni wenyewe, ni saa 14.

Mtoto alipona. Siku ya kuondoka mama yake alimwita kwa jina kutoka nyuma, hakugeuka. Akamwita tena, hakugeuka. Mama akanitazama mimi. Sisemi kwamba sindano ingepigwa saa nne mtoto yule angesikia leo, kwa maana wako waliopata dawa mapema na masikio yakaenda. Lakini zile saa 14 ni zangu, na yule dada alikuwa ameniambia.

Basi kipimo cha malaria kikionyesha malaria, hakijasema kwamba hakuna kingine. Katika nchi zenye malaria mtu aweza kuwa na vijidudu vya malaria katika damu huku kinachomuua ni kitu kingine. Na Mandera haikosi homa. Mwaka 2011 ilikuja denge, mwaka 2016 chikungunya na kipindupindu kwa mara moja, na homa ya maziwa mabichi haihitaji mwaka wake. Zote huanza kwa kichwa na joto la mwili. Kwa hiyo kila mwenye homa na kichwa kinachouma sana, au homa na akili iliyovurugika, au homa na degedege, shingo yake ishikwe. Kazi hiyo ni ya nusu dakika na haihitaji umeme.

Nitasema jinsi ya kumtazama mgonjwa, kwa utaratibu niufuatao mimi.

Kabla ya kalamu na karatasi, tazama kama anapumua vizuri, kama koo halikuzibwa na matapishi au ulimi, kama mikono ni baridi. Bonyeza ukucha kisha uachie. Rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde 3, damu haizunguki vizuri. Mgonjwa wa namna hiyo hana wakati wa kujibu maswali yako. Mlaze kwa ubavu wa kushoto, mpe oksijeni ikiwapo, tafuta mshipa, pima sukari. Sukari hushuka, hasa kwa watoto, na mtoto aliyezimia kwa kukosa sukari aweza kuonekana sawasawa na aliyezimia kwa ubongo.

Kisha shingo. Mgonjwa alale chali bila mto. Tia mkono chini ya kichwa, uinue polepole kidevu kielekee kifuani. Akikaza, na maumivu yakionekana usoni, hiyo ni dalili. Tazama na magoti pia, kwa maana mara nyingine ukiinua kichwa, magoti hujikunja yenyewe. Halafu kunja paja lake juu ya tumbo ujaribu kunyoosha mguu. Akipiga kelele kwa uchungu wa mgongo, andika. Lakini sikilizeni jambo hili, kwa kuwa hapa ndipo watu wanapokosea: shingo laini haimwondolei mtu ugonjwa. Mtoto mchanga mara nyingi hana shingo ngumu. Mzee aweza asiwe nayo, na aliyedhoofika kwa njaa vile vile. Kwa mchanga shika utosi akiwa ametulia na umemkalisha. Ukiwa umevimba na kukaza, ni hatari. Uliza kama ananyonya. Mtoto aliyeacha ziwa, anayelia kwa sauti nyembamba ya juu, na anayezidi kulia akibebwa badala ya kunyamaza, huyo usimrudishe nyumbani.

Ngozi. Wako wanaotoka madoa madogo mekundu au ya zambarau, ambayo ukiyakandamiza kwa bilauri hayafifii. Vitabu vingi vilichorwa kwa ngozi nyeupe. Kwa watu wetu tazama viganja, nyayo, ndani ya midomo, na ngozi ya ndani ya kope. Ukiyaona madoa hayo pamoja na homa, acha mengine yote ukalete dawa.

Akili. Usiandike "mgonjwa amechoka" wala "mgonjwa hajambo kidogo." Maneno hayo hayamsaidii wa zamu ifuatayo. Tumia kipimo cha Glasgow: macho alama 4, maneno 5, mwendo wa viungo 6, jumla 15 kwa mtu mzima wa akili. Akifika 8 au chini yake hawezi kulinda koo lake mwenyewe. Kwa watoto wadogo kuna kipimo cha Blantyre, kilichotungwa Malawi kwa ajili ya malaria ya ubongo. Mwisho wake ni 5, na 2 au chini yake ni kuzimia. Hesabu moja peke yake haisemi kitu. Zikifuatana nne, za saa nne mfululizo, zaweza kukwambia kwamba mtu anazama nawe umeketi karibu naye.

Maswali nayo yana kazi yake. Kuna mwingine nyumbani au kambini aliyeugua hivi? Sikio lilikuwa likitoa usaha? Anakohoa kwa muda mrefu? Anakunywa maziwa mabichi? Kadi ya chanjo iko wapi? Na swali ambalo husahauliwa: amekunywa dawa gani za dukani kabla ya kuja? Vidonge vitatu vya dukani haviponyi ugonjwa huu, lakini vyaweza kuuficha kwa siku mbili. Na kama hujui lugha ya mgonjwa, mwite anayejua, awe mlinzi, mpishi au mfagiaji, umsikilize mpaka amalize.

Sasa sindano ya kwanza. Mahali penye daktari na maabara, mgonjwa huchomwa mgongoni kutoa yale maji yanayozunguka ubongo na uti. Kazi ya muuguzi hapo ni kumkunja mgonjwa kama mtoto aliye tumboni na kumshika asitikisike, kuandika majina juu ya chupa, na kuzipeleka mara moja. Chupa zisitiwe katika friji, kwa sababu kijidudu kinachotafutwa hufa kwa baridi. Maji safi ni kama ya kisima kizuri. Yakiwa ya mawingu kama maji yaliyooshewa mchele, hali ni mbaya. Lakini iwapo hakuna wa kutoa maji hayo, au mgonjwa hali yake hairuhusu, dawa isingoje maji. Mpigie simu afisa wa kliniki au daktari, eleza ulichokiona kwa hesabu si kwa hofu, upate amri, upige. Ile inayotumika sana ni seftriaksoni: mtoto miligramu 100 kwa kila kilo ya uzito wake, mtu mzima gramu 2, na mshipa ukikosekana yaweza kupigwa katika nyama. Isipitishwe katika mpira mmoja na maji ya Ringer. Vichanga wa mwezi wa kwanza wana dawa zao. Kisha andika saa. Wengi huandika tarehe tu, na huko mbele daktari hajui kama dawa imekaa mwilini saa moja au kumi.

Hili lina uzito zaidi kwetu sisi. Kutoka hapa kwenda Mandera ni njia ya Fino na Arabia, karibu na mpaka, nanyi mwaijua. Novemba 22, 2014 watu 28 waliuawa walipotolewa katika basi lililotoka Mandera, na siku kumi baadaye wapasua mawe 36 waliuawa Koromey. Aprili 12, 2019 madaktari wawili wa Kikuba walitekwa mjini Mandera wakienda kazini. Wafanya kazi wengi wa afya waliondoka baada ya mambo hayo, wala siwalaumu. Matokeo yake ni kwamba mgonjwa akifika jioni, mara nyingi atakaa na muuguzi mmoja mpaka asubuhi. Kwa hiyo ile sindano ya kabla ya safari ndiyo matibabu yake ya usiku ule.

Na usiku huo una kazi. Chumba kiwe kimya na giza kiasi, maana mwanga humwumiza macho. Kichwa cha kitanda kiinuliwe kidogo, shingo iwe imenyooka. Kila nusu saa mwanzoni, kisha kila saa, pima joto, mapigo, pumzi, shinikizo la damu, hesabu ya Glasgow, na mboni za macho kwa tochi. Mapigo yakianza kupungua huku shinikizo la damu likipanda na pumzi zikienda kombo, au mboni moja ikawa kubwa kuliko nyenzake, ubongo unabanwa. Piga simu sasa hivi. Maji ya mshipani yasimiminwe ovyo wala mgonjwa asikaushwe. Pima yanayoingia na yanayotoka. Mtu wa kilo 60 atoe mkojo usiopungua mililita 30 kwa saa. Akipata degedege, mgeuze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, tazama saa, na ikipita dakika 5 mpe diazepamu kama mwongozo usemavyo. Tafadhali, hakuna kijiko mdomoni. Nimekwisha ona meno yaliyovunjwa na kijiko.

Asiyejitambua ageuzwe kila saa 2, mdomo usafishwe, macho yafunikwe yasikauke, alishwe kwa mpira wa puani wala si kwa kikombe. Joto la hapa halitusaidii. Maji ya vuguvugu kwa kitambaa, na mlango wazi, hufanya zaidi kuliko mablanketi ambayo jamaa hupenda kumrundikia. Zungumzeni na hao jamaa. Mama akielezwa kwa nini mwanawe amelazwa gizani hatalifungua dirisha.

Ndugu madereva, ninyi nawaambieni machache. Mgonjwa huyu asilazwe sakafuni pa gari akarukaruka. Alale ubavu, kichwa juu kidogo, na muuguzi awe nyuma pamoja naye, si mbele karibu na redio. Akiambiwa simama, simama. Na barua ya rufaa iwe mkononi mwa mtu, si chini ya kiti.

Juu ya kuambukizwa, hofu ni nyingi kuliko maarifa. Mgonjwa atengwe mpaka zipite saa 24 tangu dawa inayofaa ilipoanza. Anayemkaribia avae barakoa, na anayegusa mate au matapishi avae glovu, kisha aoshe mikono. Ikithibitika au ikidhaniwa sana kwamba ni ule wa meningokoki, waliolala naye chumba kimoja hupewa kinga, kwa mtu mzima kidonge kimoja cha siprofloksasini cha miligramu 500 mara moja tu. Mfanya kazi hupewa ikiwa mate yalimpata usoni, kama vile kwa kumpulizia mgonjwa pumzi au kunyonya makohozi bila barakoa. Aliyepita mlangoni na ufagio hahitaji kidonge, lakini yule anayefua mashuka na kumwaga ndoo ahesabiwe kama sisi tunavyohesabiwa. Nimepata kufanya kazi mahali ambapo glovu ziligawiwa kwa wauguzi na wafagiaji wakaambiwa wajinunulie. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haikugawanya watu hivyo. Mwajiri atoe nguo na vifaa vya kinga kwa aliye hatarini, bila malipo. Na Sheria ya Fidia ya mwaka huo huo inahesabu maradhi yatokanayo na kazi. Ukimwagikiwa au ukiugua, andika siku ile ile katika kitabu, mwenzako atie sahihi, nakala ije kwa Ndugu Katibu. Madai yaliyosemwa kwa mdomo hatuwezi kuyapeleka mbele.

Chanjo nitaipita upesi. Chanjo ya Hib, ambayo huzuia namna moja ya ugonjwa huu, ilianza kutolewa kwa watoto wa Kenya mwaka 2001, na ya numokoki mwaka 2011. Kilifi, walikohesabu kwa makini, ule wa Hib ulikaribia kutoweka. Huko Afrika ya Magharibi chanjo ya aina A ilianza Burkina Faso mwaka 2010 na ikazima milipuko ya aina hiyo, na mwaka 2024 Nigeria ilikuwa ya kwanza kutumia chanjo mpya inayokinga aina tano. Watoto wa wafugaji wanaohama hukosa sindano ya pili na ya tatu kwa urahisi. Mkikutana nao visimani, ulizeni kadi.

La mwisho ni masikio. Kila aliyepona apimwe kusikia kabla ya kuondoka, au kabla ya majuma 4 kupita, maana mtoto mdogo hawezi kukwambia kwamba hasikii, naye akichelewa husemwa ni mkaidi na kupigwa. Pasipo na mashine, simama nyuma yake umwite, kisha piga kijiko juu ya sahani. Asipogeuka, andika katika karatasi yake ya kuondokea, umwandikie barua ya kwenda anakoweza kupimwa vizuri, na umweleze mama kwa lugha yake.

Bwana Mwenyekiti, naona saa imekwenda. Tochi ninayo, na saa ya mkono ninayo. Ndugu mmoja akubali kulala juu ya benchi hili, na ye yote anayetaka kujifunza kushika shingo aje mbele, akianza dada mfagiaji wa wodi ya watoto, kwa maana yeye ndiye atakayewasikia akina mama kabla yangu.